Mbao Itulie Kwanza: Mbinu za Kufunga na Kutumia Maita kwa Usalama

Ukifanya kazi ya mbao Iringa, malighafi iko mlangoni kwako. Shamba la Miti Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na mbao za paini za ukanda huo hupita Mafinga kwenda kila kona ya nchi. Siku hizi fundi wa fremu, wa kenchi na wa dari anatafuta maita: ule msumeno wa umeme unaoshushwa juu ya mbao na kukata pembe kwa sekunde chache.

Maita nyingi za inchi 10 huzunguka mara 4,000 hadi 5,000 kwa dakika. Kasi hiyo ndiyo faida yake, na ndiyo hatari yake. Kanuni ya kushika ni moja: mbao iwe imetulia tuli kabla bledi haijaigusa. Mbao isiyosogea hukatika sawa, na mkono wa fundi hubaki salama. Chochote utakachosoma hapa chini kinarudi kwenye kanuni hiyo.

Kabla ya kulipa

Soma kibati cha mashine kwanza. Umeme wetu ni volti 230. Maita nyingi za mtumba kutoka Uingereza zilitumika kwenye maeneo ya ujenzi na ni za volti 110. Zina plagi ya njano ya duara. Za Marekani ni za volti 120. Ukichomeka yoyote kati ya hizo moja kwa moja ukutani, mota inaungua. Plagi inaweza kuwa imeshabadilishwa, kwa hiyo amini kibati.

Chagua ukubwa kwa kazi unayofanya. Inchi 10 isiyo na reli hupitisha upana wa takriban sentimita 13. Inatosha mbili kwa nne na fremu, lakini mbili kwa sita inaizidi. Ya inchi 12 isiyo na reli hufika karibu sentimita 20. Yenye reli, inayovutwa mbele na kusukumwa nyuma, hufika karibu sentimita 30, na hiyo ndiyo ya fishabodi na moja kwa kumi.

Mwombe muuzaji aiwashe. Sikiliza. Mlio uwe mmoja, bila mikwaruzo. Izime, ichomoe, kisha shika bledi kwa glavu uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, beringi zimechoka. Inua na kushusha kichwa mara kadhaa: kava ya chini ifunguke yenyewe ukishusha, ijifunge yenyewe ukiinua. Kava iliyofungwa kwa waya au kung'olewa ni sababu tosha ya kuiacha mashine dukani.

Ipe mahali pake

Usiitumie maita ikiwa chini kwenye udongo huku umechutama. Ukichutama huna mizani, na uso wako unakuwa sawa na bledi. Tengeneza benchi imara lenye kimo cha kiuno, kama sentimita 90, kisha funga mashine kwa bolti nne kupitia matundu ya kitako chake. Msumari hautoshi.

Weka viegemeo pande zote mbili, vikilingana kimo na meza ya mashine. Mbao zetu nyingi ni futi 12. Ukiikata bila kiegemeo, ncha ndefu inainama, mkato unajifunga, na bledi inabanwa katikati. Tumia pimamaji ndefu au uzi kuhakikisha meza na viegemeo viko kwenye mstari mmoja.

Karakana nyingi ziko kando ya barabara, na wateja husogea kutazama. Elekeza mashine mahali ambapo hakuna njia ya watu upande wa kushoto wala wa kulia, maana vipande hurukia huko. Chora mstari sakafuni. Mteja na mtoto wasiuvuke mashine ikiwa inazunguka.

Umeme wake

Maita ya wati 1,800 inavuta karibu ampea 8 ikiwa inakata, na zaidi ya hapo inapoanza. Itumie kwenye soketi nzima ya ampea 13. Usiichangie soketi na randa ya umeme au mashine ya kuchomelea.

Kama ni lazima utumie ekstensheni, nunua waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5. Ukunjue wote. Waya uliobaki umeviringishwa kwenye gurudumu lake hupata joto na unaweza kuyeyuka. Upitishe nyuma ya benchi, mbali na miguu na mbali na njia ya bledi.

Kwenye saiti isiyo na umeme, jenereta ndogo ya kilowati 2 itahangaika. Tafuta ya kilowati 4 au zaidi. Jenereta ikizidiwa, bledi inapoteza kasi ndani ya mbao, na hapo ndipo inapokwama.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, achia swichi na uchomoe plagi hapo hapo. Usiache mashine ikisubiri umeme urudi wakati mkono wako uko mezani. Na kamwe usifunge swichi kwa mpira au waya ili ikae imewaka. Swichi inayozima ukiiachia ndiyo breki yako ya kwanza.

Bledi sahihi

Hesabu meno. Kwa kenchi na papi, bledi ya meno 24 hadi 40 inakata haraka. Kwa fremu, skating na kazi inayoonekana, tumia meno 60 au 80. Hakikisha kipenyo, tundu la katikati na kasi iliyoandikwa kwenye bledi vinaendana na mashine. Tundu likiwa kubwa kuliko ekseli, usijazie kwa karatasi wala kibati; tafuta ringi yake au bledi nyingine.

Kubadilisha bledi kunaanza na kuchomoa plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Bonyeza kitufe cha kufungia ekseli, kisha legeza bolti. Kwenye mashine nyingi bolti hiyo ina uzi wa kinyume: inalegea ukizungusha kuelekea inakoelekea mishale ya saa. Ukiilazimisha upande wa pili utaivunja.

Tazama mshale kwenye bledi na mshale kwenye kava. Vielekee upande mmoja. Bledi iliyofungwa sawa husukuma mbao chini mezani na nyuma kwenye fensi, yaani ule ukingo wa chuma ulio nyuma ya meza. Ikifungwa kinyume, haikati vizuri na inaweza kuinyanyua mbao.

Paini ina utomvu mwingi. Ukiganda kwenye meno, bledi inapata joto, inachoma mbao na kutoa moshi. Itoe, isugue kwa brashi na mafuta ya taa, ikaushe kabisa, kisha irudishe. Fanya hivyo kabla ya kuamua kwamba bledi ni butu.

Diski ya kukatia chuma usiivishe kwenye maita ya mbao. Cheche zake na vumbi la mbao lililojaa ndani ya mashine vinatosha kuwasha moto.

Hakikisha sifuri ni sifuri

Usiamini namba zilizochorwa kwenye mashine mpaka uzipime. Ichomoe. Shusha bledi, weka skwea kati ya fensi na ubapa wa bledi, bila kugusa meno. Kusiwe na mwanga unaopenya. Kisha simamisha skwea mezani upime kama bledi imesimama wima. Kama kuna tofauti, legeza bolti za fensi, rekebisha, kaza, pima tena.

Halafu fanya jaribio la kugeuza. Chukua kipande kilichonyooka chenye upana wa kutosha, kikate katikati kwa digrii sifuri. Pindua nusu moja juu chini, uziunganishe tena ncha kwa ncha huku zimeegemea fensi. Zikifungana bila uwazi, mashine iko sawa. Ukiuona uwazi, kumbuka ni mara mbili ya kosa lenyewe. Rekebisha nusu yake.

Kwa digrii 45, kata vipande viwili, viunganishe kona, pima kwa skwea. Fanya vipimo hivi kila unapohamisha mashine, kwa sababu safari ya nyuma ya bodaboda au pikapu hulegeza fensi.

Vaa kwa kazi

Miwani ya kinga ni lazima, hata kwa mkato mmoja. Vaa vizibo vya masikio pia; mlio wa maita unaharibu usikivu pole pole, na hutajua mpaka umeshapungua. Viatu viwe vya kufunika vidole.

Juni na Julai, baridi ya Mufindi na Iringa inatufanya tuvae majaketi mazito na skafu. Ukikaribia mashine, vua skafu, funga zipu, kunja mikono ya nguo ikaze juu ya kiwiko. Mwanamke fundi afunge nywele na aache khanga pembeni. Pete na saa vivuliwe. Glavu usivae wakati bledi inazunguka: jino likinasa uzi wa glavu, linavuta na mkono.

Ijue mbao yako

Mbao nyingi sokoni zinauzwa mbichi. Paini mbichi ni nzito, inabana bledi, na baadaye inasinyaa. Inasinyaa upana, urefu unabaki karibu vilevile. Ndiyo maana kona ya digrii 45 uliyoifunga vizuri leo inafunguka upande wa ndani baada ya miezi michache. Kwa fremu na kazi ya ndani, panga mbao zako kivulini, weka vijiti vya kutenganisha kila safu, uache upepo wa kiangazi, Juni hadi Oktoba, ufanye kazi yake.

Kabla ya kukata, pitisha macho pande zote nne. Kifundo kilicholegea kinaweza kuruka, kwa hiyo sogeza mkato upite pembeni yake. Mbao za shataringi zina misumari na saruji. Toa kila msumari na kwangua saruji yote, au zikate kwa msumeno wa mkono.

Mrunda usiukate kwenye maita ukiushika kwa mkono. Ni wa duara. Bledi ikiugusa unabiringika na kuvuta vidole. Ni lazima ulale kwenye kitako chenye mfereji wa V na ubanwe.

Mkato, hatua kwa hatua

Chora mstari kwa penseli iliyochongwa, kisha weka alama ya X upande unaotupwa. Bledi inakula karibu milimita 3. Ikate upande wa X, ili kipimo chako kibaki kizima.

Laza mbao bapa mezani na uisukume igusane na fensi. Kaza klempu ya mashine. Wengi huiacha klempu ndani ya boksi, na hiyo ndiyo inayoitulizia mbao kuliko mkono wowote.

Mashine ikiwa imezimwa, shusha bledi karibu na mstari uone jino litagusa wapi. Inua. Sogeza mbao kama inahitajika. Hapo ndipo unapopata usahihi. Ukishawasha, muda wa kusogeza umekwisha.

Mkono unaoshika mbao ukae angalau sentimita 15 kutoka njia ya bledi. Usipishanishe mikono. Ukiona unahitaji mkono wa kushoto uvuke kwenda kulia, zungusha mbao badala yake. Simama kando kidogo ya mstari wa bledi.

Washa. Subiri ifike kasi kamili. Shusha pole pole, uiache bledi ijilie yenyewe. Ukilazimika kukandamiza, bledi ni butu au ina utomvu.

Mkato ukiisha, achia swichi kichwa kikiwa bado chini. Subiri bledi isimame kabisa. Kisha inua. Ukiinua ikiwa bado inazunguka, meno ya nyuma yanaweza kunasa kipande na kukitupa. Usiondoe hata kibanzi kidogo kwa kidole kabla bledi haijasimama.

Kwa mashine ya reli, mpangilio ni huu: vuta kichwa kuja kwako bila kukata, washa, shusha, kisha sukuma kurudi nyuma. Ukikata huku unavuta kuja kwako, bledi inaweza kuipanda mbao na kukurukia.

Kazi ngumu kidogo

Kipande kifupi: kama mkono hauwezi kukaa sentimita 15 mbali, usikishike. Kibane kwa klempu. Njia bora zaidi ni kukikata kutoka mbao ndefu, huku ukishika upande mrefu.

Mbao iliyopinda: elekeza tumbo lililobenuka kwenye fensi, ubane, hakikisha hakuna uwazi kwenye mstari wa mkato. Ukiigeuza vinginevyo, mbao inajifunga juu ya bledi katikati ya mkato.

Vipande vingi vya urefu mmoja: funga stopa kwenye kiegemeo, upande ule ule unaoshika mbao. Kipande cha upande wa pili kiwe huru. Kikibanwa kati ya bledi na stopa, kitarushwa. Safisha vumbi mbele ya stopa kila baada ya mikato michache, la sivyo urefu unapungua kidogo kidogo. Na kata mbao moja moja. Ukizibebanisha, ya juu haina kinachoizuia.

Hesabu ya pembe

Kwa fremu yoyote yenye pande zinazolingana, gawanya 180 kwa idadi ya pande. Pande nne, digrii 45. Pande sita, digrii 30. Pande nane, digrii 22.5. Maita nyingi zina mifereji ya kujifunga kwenye namba hizo. Hata hivyo, kaza kitasa kila mara.

Kwa kenchi, chukua kimo ugawe kwa nusu ya upana, kisha utafute pembe kwa kikokotoo cha simu. Nyumba ya upana wa mita 8 yenye kimo cha mita 2 inakupa 2 kwa 4, yaani digrii 26.6. Weka maita hapo kwa mkato wa juu, pale miguu miwili ya kenchi inapokutana. Ukitaka mkato wa chini unaolala bapa, unahitaji digrii 63.4, na maita nyingi zinaishia 45 hadi 50. Mkato huo chora kwa skwea na ukate kwa msumeno wa mkono. Usijaribu kuidanganya mashine kwa kuisimamisha mbao bila kuibana.

Kata kenchi moja ya mfano. Ipange chini, ipime. Ikikubali, ndipo ukate nyingine zote kwa stopa.

Vumbi nalo ni hatari

Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, IARC, umeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Funga mfuko wa vumbi, fungua milango, vaa barakoa ya N95 au FFP2. Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii vumbi laini.

Mbao za kijani zilizotiwa dawa zinataka uangalifu wa ziada. Dawa ya CCA ina shaba, kromiamu na aseniki. Zikatie nje, nawa mikono kabla ya kula, na mabaki yake yasiende jikoni wala kwenye banda la kuku.

Ajali ikitokea

Andaa boksi la huduma ya kwanza na namba ya mwenye gari ukutani kabla ya siku ya kuvihitaji. Mtu akikatwa, chomoa mashine, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu ya usawa wa moyo, na mwende hospitali bila kuchelewa.

Kidole kikikatika, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kiweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko huo uuweke ndani ya maji yenye barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja. Kiende pamoja na mgonjwa.

Ukimfundisha kijana

Kama umeajiri, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakutaka umlinde anayekufanyia kazi. Miwani, barakoa na mafunzo ni jukumu lako. VETA Iringa wanaweza kukusaidia kwa mafunzo.

Kijana mpya asianze na umeme. Chomoa plagi, mpe mbao, afanye mkato mzima wa majaribio: abane, ashushe, ahesabu kusimama kwa bledi, ainue, atoe kipande. Arudie mpaka mikono yake ijipange bila kukumbushwa. Kisha mchomekee, usimame pembeni yake kwa siku nzima. Akianza kubana mbao kabla ya kugusa swichi, hata mteja akiwa anamharakisha, mwachie mashine.